Shajara ya sauti inayorudi chini: kompyuta namba 5 na namba 6

Jumatatu, 5 Mei 2025

Naanza kuandika leo kwa sababu tatizo hili limenizungusha wiki mbili sasa. Kila nikidhani nimelimaliza jioni, asubuhi nalikuta palepale.

Chumba chetu cha kompyuta hapa Tanga kina mashine sita. Nne ni za kila mtu, mbili tumezitenga kwa ajili ya wasioona. Namba 5 ina Debian 12, mfumo wa Linux, yenye madirisha ya GNOME, na juu yake Orca, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Namba 6 ni ya zamani. Haina madirisha wala haihitaji kipanya, ni maandishi matupu, na anayeyasoma ni espeakup. Zote mbili zinatumia eSpeak NG kwa sauti ya Kiswahili. Sauti hiyo ina ukavu wa mashine, lakini inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiswahili, na kwa watu wetu hilo ndilo kubwa.

Tatizo lenyewe ni hili: unaongeza sauti, unafanya kazi siku nzima, unazima. Kesho ukiwasha, imerudi chini hadi haisikiki kwenye spika zetu ndogo.

Mtu anayeona akikutana na hili ananyoosha mkono, anaongeza sauti, basi. Asiyeona hana skrini nyingine ya kumwambia kinachoendelea. Alhamisi iliyopita binti mmoja mgeni alikaa mbele ya namba 5 karibu dakika ishirini, mikono mapajani, akisubiri mashine iwake. Ilikuwa imewaka muda wote huo. Mimi nilikuwa chumba cha pili nafunga nyaya, na nilipoingia nikamkuta vile, nilijisikia vibaya sana. Ndiyo maana nimeamua kulifuata jambo hili hatua kwa hatua, badala ya kubahatisha huku na kule.

Asubuhi mwalimu wetu wa nukta nundu alikuja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo tena nimeanza na hesabu yangu."

"Hesabu gani?"

"Mara sita. Nikikaa tu, nabonyeza kitufe cha kuongeza sauti mara sita, ndipo naanza kusikia. Mimi nimeshazoea. Lakini hawa vijana wapya nani amewaambia kuwa ni sita?"

Nimeliandika hilo kwanza kabisa, maana ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. GNOME huongeza asilimia 6 kwa kila mbonyezo. Mibonyezo sita ni 36. Kama mashine inaanzia 40, mwalimu anafika 76. Kwa hiyo masikio yake yameshanipa namba ninayoitafuta.

Kabla ya kugusa chochote nimeandika hali ilivyo kwenye namba 5 ikiwa imetoka kuwashwa. Amri `wpctl get-volume @DEFAULT_AUDIO_SINK@` inanijibu 0.40, yaani asilimia 40. Amri `amixer` kwa kadi ya sauti ileile inaniambia Master, yaani kiwango kikuu cha kadi, iko 56 kati ya 87, asilimia 64, desibeli -23.25. Ukimya ni mmoja, namba ni mbili. Zamani zingenichanganya, leo naziandika tu.

Jumanne, 6 Mei

Nimejaribu dawa ambayo kila mtu huitaja kwanza: kufungua `alsamixer`, kupandisha Master hadi juu, kisha `sudo alsactl store` ili ALSA, sehemu ya Linux inayoendesha kadi ya sauti, ihifadhi viwango. Faili `/var/lib/alsa/asound.state` limeandikwa upya, tarehe na saa ni za leo. Nimewasha upya. Imerudi 56 kati ya 87.

Sikushangaa sana, ila nilitaka kuona kwa macho. ALSA iko chini kabisa, karibu na kadi. Mashine inapowaka, `alsactl restore` inarudisha viwango vilivyohifadhiwa, na kweli inavirudisha. Halafu mtu akiingia kwenye akaunti, PipeWire, inayopitisha sauti ya programu zote, inaanza kazi pamoja na msimamizi wake WirePlumber, na huyo anaweka kiwango chake mwenyewe juu ya kile cha ALSA. Kwa mashine yenye GNOME, kuhifadhi kwa `alsactl` ni kupanga viti kabla mwenye shughuli hajafika. Akifika atavipanga anavyotaka yeye.

Kwa namba 5, basi, swali si nani anasahau kwenye ALSA. Swali ni WirePlumber anaitoa wapi hiyo 40.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimepata kiini, na kinanihusu.

WirePlumber ya Debian 12 huweka kumbukumbu zake ndani ya folda ya mtumiaji, kwenye `.local/state/wireplumber`. Humo kuna faili liitwalo `default-routes`, ambalo hutunza kiwango cha kila njia ya sauti: spika kivyake, hedifoni kivyake. Nimeingia kwa akaunti ya `mgeni`, nimebonyeza mara sita kama mwalimu, nimesubiri kidogo, nikalifungua faili. Kwenye mstari wa spika, kila upande una namba hii: 0.438976.

Mara ya kwanza nilidhani imehifadhi kitu kingine. Nilibonyeza hadi 76, hii arobaini na tatu ya nini? Nikachukua kikokotoo cha simu: 0.76 mara 0.76 mara 0.76. Jibu: 0.438976. Asilimia tunayoiona kwenye skrini imenyooshwa ili ilingane na jinsi sikio linavyosikia, na kwenye faili inaandikwa ikiwa imezidishwa mara tatu kwa yenyewe. Basi na ile 40 ya mwanzo ni 0.064, yaani desibeli -23.9 hivi. Ndiyo ileile -23.25 ya juzi kwenye `amixer`, kwa kuwa kadi hupanda kwa hatua za 0.75 na PipeWire huchukua hatua iliyo juu kidogo. Namba zote zimekubaliana. Nimefurahi peke yangu chumbani.

Kwa hiyo kuhifadhi kunafanyika, tena vizuri. Nikawasha upya, nikaingia, nikalitafuta faili. Halipo. Folda nzima ya `wireplumber` ni mpya.

Mwaka jana niliandika skripti inayosafisha akaunti ya `mgeni` kila mashine inapowaka. Inachukua kiolezo kilicho kwenye `/srv/kiolezo`, inakinakili juu ya folda ya mgeni, na kufuta kila kisichomo kwenye kiolezo. Nia ilikuwa njema na bado ni njema: mtu asikute barua za mwenzake, picha zake, wala nywila alizosahau kwenye kivinjari. Lakini skripti haichagui. Inafagia pia kumbukumbu ya sauti, WirePlumber anakuta pamekuwa patupu, na pakiwa patupu anaweka kiwango chake cha kuanzia, ambacho ni 0.064.

Suluhisho la haraka ni kuiambia skripti isiguse folda ile. Nimekaa nalo mchana kutwa na nimelikataa. Mfano: kijana anatumia hedifoni zake, anashusha sauti hadi 10 ili asisikie kelele za nje, au anachomoa hedifoni na kushusha spika asiwasumbue wenzake. Anaondoka. Anayefuata ni yule binti. Tukitunza kiwango cha mtu wa mwisho, tunamrithisha binti ukimya wa mtu mwingine. Kwenye kompyuta ya nyumbani mashine ikumbuke ilipoachwa. Kwenye mashine ya watu wengi wasioona, iamke siku zote mahali panaposikika, bila kujali nani alikuwepo jana.

Kwa hiyo kufagia kubaki. Kinachobadilika ni pa kuanzia.

Jumamosi, 10 Mei

Kazi ya leo kwa mpangilio nilioufuata:

Nimenakili faili `40-device-defaults.lua` kutoka `/usr/share/wireplumber/main.lua.d` kwenda `/etc/wireplumber/main.lua.d`. Faili lenye jina hilohilo likiwa kwenye `/etc`, ndilo linalosikilizwa, na masasisho ya mfumo hayalifuti. Ndani yake nimeuondolea alama ya kunyamazisha mstari wa `default-volume` na kuweka 0.438976. Nimewasha upya, nimeingia kama mgeni. `wpctl` inasema 0.76. Orca imeanza kusema na nimeisikia nikiwa mlangoni.

Nikatoka kwenye akaunti ili nisikie skrini ya kuingilia. Kimya.

Hapa nilikaa kitako kidogo. Skrini ya kuingilia, ile yenye majina ya akaunti, si sehemu ya akaunti ya mtu yeyote. Ina mtumiaji wake, kwenye Debian anaitwa `Debian-gdm`, na nyumbani kwake ni `/var/lib/gdm3`. Naye ana PipeWire yake na kumbukumbu yake ya sauti. Skripti yangu haimfagii. Nikakumbuka kwamba wiki mbili zilizopita nikiwa kwenye skrini hiyo nilishusha sauti kwa vitufe nikipokea simu. Ikahifadhiwa hapo, na haikufutwa na yeyote tangu siku hiyo. Pa kuanzia papya pasingemfikia, kwa sababu pa kuanzia hutumika pale tu ambapo hakuna kumbukumbu.

Nimefuta folda ya `wireplumber` iliyomo kwake, nimewasha upya, nimebonyeza Super (kile chenye alama ya Windows), Alt na S kwa pamoja kuamsha Orca. "Orodha ya akaunti" ikasomwa kwa sauti kamili. Asiyeona akishasikia skrini ya kuingilia, sehemu ngumu zaidi ya asubuhi yake imekwisha. Nisingependa mtu yeyote atengeneze sauti ya ndani ya akaunti aache hii ya mlangoni.

Jambo la hedifoni. Asilimia 76 kwenye spika zetu ni sawa, lakini nilipochomeka hedifoni nilizivua mara moja. Masikio ya wasioona ndiyo macho yao, siwezi kuyafanyia mchezo. Kwa kuwa faili la `default-routes` hutunza kila njia kivyake, nimeingia kama mgeni, nimechomeka hedifoni, nimeweka 55, nimechomoa, nimeweka spika 76, kisha nimelichukua faili hilo lililoandikwa na WirePlumber mwenyewe na kuliweka ndani ya kiolezo. Sasa kila mashine ikiwaka mgeni anapata faili lenye mistari miwili sahihi. Kwenye mstari wa hedifoni namba ni 0.166375. Namba ya kwenye faili la Lua, lile `40-device-defaults.lua`, nimeiacha ilivyo, kwa ajili ya akaunti yoyote mpya itakayofunguliwa bila kupitia kiolezo.

Nimeliweka faili hilohilo na kwa `Debian-gdm`, nikahakikisha mwenye faili ni yeye na si root, msimamizi mkuu wa mfumo. Kosa la umiliki ni dogo kulitenda na ni baya: faili linaweza kusomeka ila lisiandikike, na sauti ikaonekana kama inasahau kila siku bila sababu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua ya masika tangu alfajiri. Umeme ulikatika saa nne kasoro asubuhi, ukarudi saa tano. Namba 5 ilipowaka ilisema kwa kiwango chake. Namba 6 ikarudi kunong'ona.

Namba 6 haina PipeWire. Sauti inatoka espeakup, inaingia ALSA moja kwa moja. Kwa hiyo dawa ya Jumanne, ambayo haikufaa namba 5, ndiyo ya hapa. Kabla ya kuitumia nilitaka kujua kwa nini tulikuwa tunaongeza sauti kila siku na hakuna siku iliyohifadhiwa, ilhali huduma ya `alsa-restore` inatakiwa kuhifadhi yenyewe.

`ls -l /var/lib/alsa/asound.state`. Tarehe ya faili: 17 Februari. Karibu miezi mitatu.

Huduma ile hurudisha viwango mashine inapowaka, na huvihifadhi mashine inapozimwa. Inapozimwa kwa amri. Umeme ukikatwa ghafla, hakuna kinachohifadhiwa, na asubuhi yake kinarudishwa kilichohifadhiwa mara ya mwisho. Tangu Februari 17, maana yake, namba 6 haijawahi kuzimwa kwa adabu hata siku moja. Siku hiyo nilikuwa naipima usiku, nikashusha sauti nisisumbue majirani, nikaizima mwenyewe kwa amri. Sauti ya usiku ule ndiyo tuliyoamka nayo kila asubuhi tangu hapo.

Nikaenda kwa babu mlinzi.

"Shikamoo babu. Hivi jioni ukifunga, zile kompyuta unazizimaje?"

"Marahaba. Nazima swichi kuu, ile ya pale mlangoni. Niliambiwa nisiache umeme ndani, moto usije ukatokea."

Hana kosa lolote. Aliambiwa hivyo, na anafanya kwa uaminifu kila siku saa kumi na mbili. Sikumwomba aache. Nyaya za jengo hili ni za zamani na mimi mwenyewe nalala vizuri nikijua swichi ile imezimwa. Aliyepaswa kujipanga ni mashine.

Nilichofanya: nimepandisha Master na PCM, vidhibiti viwili vya sauti vya ALSA, kwenye namba 6 hadi kiwango alichokikubali mwalimu akiwa ameketi mbele yake, kisha papo hapo `sudo alsactl store`. Tarehe ya faili sasa ni ya leo. Halafu nimeweka kwenye ratiba ya cron mashine ijizime saa kumi na moja na dakika hamsini na tano jioni, ikitoa onyo dakika tano kabla. Onyo hilo huandikwa kwenye skrini ya kila aliyeingia, na kwa kuwa ni maandishi, espeakup inalisoma. Sikuwa nimelifikiria hilo mapema. Mwalimu aliposikia mashine inamtangazia kuwa inakaribia kufunga, alisema, "Haya ndiyo mambo. Zamani ilikuwa inanikatisha katikati ya neno."

Nimegundua pia tatizo lililojificha ndani ya dawa hii. Mashine ikijizima kwa adabu, itahifadhi kiwango cha mtu wa mwisho, yaani lilelile nililolikataa kwenye namba 5. Kwa hiyo nimetengeneza nakala ya `asound.state` ya leo kwenye `/srv/kiolezo`, na mashine inapowaka, baada ya `alsa-restore`, amri moja inarudisha viwango kutoka kwenye nakala hiyo: `alsactl -f` ikifuatiwa na njia ya faili, kisha `restore`. Sasa iwe imezimwa kwa amri au kwa swichi, pa kuanzia ni palepale.

Jumatano, 14 Mei

Kifupi. Tumepokea skrini nyingine ya namba 5, inayounganishwa kwa HDMI. Sauti ikapotea kabisa. `wpctl status` inaweka kinyota mbele ya kifaa kinachotumika, na kinyota kilikuwa kwenye HDMI, wakati skrini yenyewe haina spika. Nimechagua spika za kawaida, nikachukua faili la `default-nodes` lililoandikwa na kulipeleka kwenye kiolezo na kwa `Debian-gdm` kama yale mengine. Imekaa sawa. Atakayebadilisha skrini siku nyingine aanzie kwenye kinyota, asianze na kiwango cha sauti.

Jumatatu, 19 Mei

Wiki nzima ya majaribio. Namba 5 nimeiwasha upya mara kumi na mbili: tisa kwa amri, tatu kwa kuzima swichi ya ukutani nikiwa nimeshashusha sauti makusudi. Mara zote imerudi 0.76 kwenye spika na 0.55 kwenye hedifoni, na skrini ya kuingilia imesikika. Namba 6 nimeifanyia mara nane, nne kwa kila namna. Imerudi sawa.

Mwalimu alikuja saa tatu. Sikumwambia kitu. Alikaa, akawasha namba 5, na kabla sijafungua mdomo mkono wake ulishakwenda kwenye kitufe na kubonyeza mara sita. Orca ikapiga kelele chumba kizima. Alicheka hadi akavua miwani.

"Mwanangu, umenifuta hesabu yangu!"

Akashusha mara nne, kutoka 100 hadi 76, akaanza kazi.

Yule binti wa Alhamisi ile alirudi mchana. Nilikaa mbali makusudi. Alipapasa kibodi, akatafuta kitufe cha kuwashia, akabonyeza, akaweka mikono mapajani kama siku ile. Ilipofika skrini ya kuingilia akabonyeza vitufe vitatu alivyofundishwa, sauti ikatoka, naye akainua kichwa. Aliandika hadi saa kumi.

Yaliyobaki. Debian 13 ikishatoka tusiikimbilie kabla ya kupima namba 5: inakuja na WirePlumber ya 0.5, ambayo haisomi tena mipangilio ya Lua. Faili langu la `/etc` litakuwa halina kazi, na sauti inaweza kurudi 40. Jina jipya la kipengele hicho ni `device.routes.default-sink-volume`, namba ni ileile 0.438976. Nimeyaandika haya kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mashine, na mwalimu ameahidi kuniandikia nakala yake ya nukta nundu wiki ijayo, ili fundi atakayenifuata, awe anaona au haoni, aikute.